Mkono wa Saba

Saa tatu na dakika sita asubuhi, mlingoti wa Wizara ya Vipimo ulikuwa hauna bendera. Kamba yake ilikuwepo bado, inaugonga mlingoti kwa upepo, na Waziri Mwinshehe Lugome, aliyesimama dirishani ghorofa ya pili, alihesabu mipigo arobaini kisha akaacha, kwa sababu mpigo wa arobaini haukumwambia lolote ambalo ule wa kwanza haukuwa umeshamwambia. Nani aliishusha bendera, na kama aliikunja au aliiacha ianguke, hakuna aliyethibitisha.

Mapinduzi yalikuwa na siku tatu. Wengine wanasema yalikuwa na siku moja iliyorudi mara tatu, na ushahidi wao si wa kupuuzwa: kila asubuhi lori lile lile la rangi ya udongo lilipita Barabara ya Wizara, likasimama mbele ya mlango mmoja, likaondoka na waziri mmoja pamoja na kiti chake. Kiti kilipandishwa kwanza. Hivyo ndivyo walivyoondoka Waziri wa Mipaka, Waziri wa Mvua na Waziri wa Majina. Asubuhi hii lori lilipita mbele ya Wizara ya Vipimo bila kupunguza mwendo.

Ni lazima kwanza ieleweke waziri huyu alikuwa nani mbele ya sheria. Katika nchi ile, isiyo na pwani na isiyokumbuka jina lake la mwanzo, kipimo cha urefu kilikuwa dhiraa, na dhiraa ilikuwa umbali kutoka kiwiko cha Waziri wa Vipimo hadi ncha ya kidole chake cha kati. Kabla ya Wizara kuwepo, kila muuza nguo na kila mnunuzi alipima kwa mkono wake mwenyewe, na kila ukoo ulikuwa na ndugu mmoja mwenye mikono mirefu ambaye kazi yake ilikuwa kwenda dukani kwa niaba ya wote. Ugomvi ulikuwa mwingi, na watu wenye mikono mifupi walifungua maduka wakatajirika. Ndipo ikaamuliwa mkono uwe mmoja. Siku ya kuapishwa, waziri mpya aliulaza mkono wake wa kulia juu ya meza ya mvule, karani akachora mstari wa chaki kwenye ncha ya kidole, na mhunzi akakata kipande cha chuma kwa urefu huo. Kipande kile kiliitwa Chuma, bila neno jingine. Chuma cha waziri aliyetangulia kiliyeyushwa siku hiyo hiyo, ili pasiwe na kweli mbili ndani ya nchi moja.

Lugome alikuwa wa saba. Katika hati zote aliitwa Mkono wa Saba, na kifungu cha tatu cha Sheria ya Vipimo kilieleza kwamba sehemu za mwili wa waziri zisizokuwa mkono wa kulia ni kiambatisho. Alipougua homa ya matumbo katika mwaka wake wa sita, gazeti la serikali liliandika kwamba Mkono ni mzima na kiambatisho kinaendelea kupata nafuu. Hakuudhika. Alilikata lile gazeti akalihifadhi, kwa sababu lilimfanya ajiulize kwa mara ya kwanza ni nani hasa aliyekuwa anaugua.

Bi Kazija, mpimaji mkuu, aliingia na chai.

"Lori limepita," alisema. "Halikusimama."

"Limeenda wapi?"

"Limegeuzia pale Wizara ya Mvua, wakapakia kabati. Waziri mwenyewe walishamchukua juzi."

"Jana."

"Juzi, Mheshimiwa. Au jana. Mimi nina uhakika na kabati tu."

Waziri alikishika kikombe kwa viganja viwili, kama mtu anayeota moto. Alikuwa anakishika hivyo kwa muda mrefu. Kwa miaka minne pia alikuwa anagonga muhuri badala ya kutia saini, na vifungo vya shati lake vilikuwa vimeshonwa juu kwa mapambo, na chini yake kuna zipu. Aliyaita haya mazoea ya ofisi.

"Kamanda wao yupo ngazini," Bi Kazija aliendelea. "Anapanda kwa miguu, peke yake. Ana tepu shingoni."

"Tepu ya nini?"

"Si fundi nguo yule? Pazi. Alikuwa na cherehani nyuma ya soko la pamba. Mimi mwenyewe alinishonea gauni la msiba."

"Lilikutosha?"

"Lilinizidi, Mheshimiwa. Ndiyo maana tukamfunga."

Kamanda Pazi aliingia, akafika katikati ya chumba, akakumbuka kitu, akarudi hadi mlangoni na kupiga hodi. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, mwenye magwanda yaliyomkaa vizuri kuliko magwanda ya jeshi lolote, maana aliyashona mwenyewe.

"Karibu," alisema Waziri.

"Mheshimiwa, nimletee kiti?" Bi Kazija aliuliza.

"Mama, waheshimiwa wamekwisha nchi hii," alisema Pazi. "Sote ni ndugu."

"Sawa. Ndugu Mheshimiwa, nimletee kiti?"

Kiti kililetwa. Pazi hakukikalia mara moja. Alikipima upana kwa jicho, akaridhika, akaketi.

"Unanikumbuka?"

"Fimbo ya kupimia yenye kuzidi Chuma kwa upana wa vidole viwili," Waziri alisema. "Miezi sita, na fimbo ichomwe mbele ya mshitakiwa."

"Ilichomwa. Niliiangalia mpaka majivu." Pazi aliivuta tepu yake ikashuka upande mmoja. "Sikiliza, ndugu. Jela nimelala na wezi, wauaji, na mtu mmoja aliyeuza daraja. Kila mtu anaulizwa kosa lake. Mimi nasema, niliwazidishia wateja nguo. Walicheka mpaka askari akaja. Ungenifunga kwa kupunja ningelala usingizi wangu vizuri tu."

"Fimbo ilikuwa ya nani?"

Pazi alimtazama. Swali halikuwa la mtu anayejitetea. Lilikuwa la mtu anayetaka kujua.

"Ya bibi yangu. Mkono wake ndio ulipimiwa fimbo ile. Babu alimwoa kwa ajili ya mikono, alisema waziwazi siku ya posa, huyu atanunulia nguo mtaa mzima. Na alinunulia." Akasogeza kiti mbele. "Sasa nijibu wewe. Miaka yote hii nimekuwa na swali moja. Nimekusanya watu kwa swali hilo hilo, wao wakaongeza yao, mpaka ikawa hivi unavyoona. Aliyekosea ni bibi yangu au ni mkono wako?"

Katika hotuba zote zilizotolewa baadaye kuhusu chanzo cha Mapinduzi, swali hili halimo. Lakini Bi Kazija alikuwepo, alilisikia, na alilikariri kwa maneno haya.

"Ni mkono wangu," alisema Waziri.

"Kwa kiasi gani?"

"Karibu vidole viwili. Dhiraa ya haki ni vidole ishirini na vinne. Chuma changu, nadhani, ni ishirini na viwili. Nasema nadhani kwa sababu sheria inakataza Mkono kupimwa popote isipokuwa juu ya meza, na juu ya meza huwa sawa na Chuma."

"Huwa sawa vipi?"

"Navikunja vidole."

Bi Kazija, aliyekuwa anapanga karatasi ambazo hazikuhitaji kupangwa, aliacha kuzipanga.

Pazi aliiachia tepu. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta mahali alipokwisha kuacha kutafuta. Akasema, "Basi usiseme."

Akaeleza. Mapinduzi yaliahidi kila kaya shamba la dhiraa mia kwa mia. Kaya zilikuwa elfu arobaini, na ardhi ya mabwana wa zamani, kwa hati zilizopimwa na Chuma, ilitosha kaya elfu arobaini, bila kubaki hata kona ya kupanda mchicha.

"Kwa dhiraa ya haki," Waziri alisema, baada ya muda mfupi, "zinapata kaya elfu thelathini na tatu mia sita na kumi na moja. Zinabaki elfu sita mia tatu themanini na tisa."

"Unahesabu haraka."

"Ndiyo kazi yangu."

"Mmoja wa hao wa kubaki ni dada yangu. Orodha imepangwa kwa alfabeti, na yeye ni Zamda."

"Ardhi haipungui, Kamanda. Ni ile ile, na kila kaya itapata kipande kile kile. Kitakachobadilika ni neno tu. Tangaza kwamba kila shamba ni dhiraa tisini na moja na theluthi mbili, na Zamda atapata lake."

"Ndugu yangu," Pazi alisema kwa upole, kama anayemweleza mteja kwa nini kitambaa hakitoki koti, "watu wamekufa wakipiga kelele za mia. Nimewazika mimi. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa ajili ya tisini na moja na theluthi mbili."

Waziri alikiweka kikombe mezani.

"Saa nne utashuka ukumbini. Utaulaza mkono pembeni ya Chuma, mama huyu atasoma sawa, nami nitatangaza. Utabaki waziri. Tutaanza kuhesabu upya, utakuwa Mkono wa Kwanza. Ukisema vingine, lori litarudi."

"Na kiti?"

"Kiti nacho."

"Ulikuwa sahihi kuhusu fimbo," Waziri alisema. "Leo hii ningeweza kuitamka kweli yako mbele ya ukumbi mzima."

Pazi alisimama. "Nilipigana ili niambiwe niko sahihi. Sasa nimeshinda, na mtu aliyeshinda hana nafasi ya kuwa sahihi. Ana kaya elfu arobaini." Akafika mlangoni, akageuka. "Lakini asante kwa kuniambia. Bibi angefurahi."

Alipoondoka ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na moja.

Lugome alibaki na kitu ambacho hakukitarajia. Alikuwa ameisubiri hofu, na alijua angeijua ikija, ila badala yake ulikuja udadisi, mtulivu, wa aina ile ile aliyokuwa nao akiwa mwanafunzi wa hesabu kabla hajageuzwa kuwa mkono. Kitu kinachopima vyote kinapimwa na nini? Ukiuliza urefu wa nguo, jibu ni Chuma. Ukiuliza urefu wa Chuma, jibu ni mkono. Ukiuliza urefu wa mkono, jibu, kwa mujibu wa kifungu cha tisa, ni Chuma. Alikwisha kuuzunguka mduara huu mara nyingi na kila mara alitokea pale pale alipoingilia, kama mtu anayetembea ndani ya jengo lile lenyewe la Wizara, ambalo korido yake ilikuwa dhiraa sitini asubuhi na sitini na moja alasiri, bila fundi yeyote kugusa ukuta. Kama Chuma ndicho dhiraa, basi hakiwezi kuwa kifupi. Kilichozidi ni mkono, na bibi yake Pazi, na mikono yote ya watu wazima wa nchi ile, ambao kwa miaka kumi na tisa walikuwa wamezidi kwa pamoja bila kujua. Serikali haikuwa imewadanganya. Ilikuwa imewafanya wakubwa kuliko wanavyotakiwa. Hilo liliwezekana kusemwa, na lilikuwa limesemwa na mahakama. Lakini halikumtosheleza, kwa sababu lilimwacha asijue jambo dogo ambalo mtoto yeyote anaweza kulijua kuhusu mkono wake mwenyewe.

Urefu wake. Urefu wake tu. Si haki, si kaya, si jina langu. Mkono wangu unaishia wapi? Nimelala nao. Nimekula nao. Nimemuaga nao mama. Miaka kumi na tisa naulaza mezani na kila mwaka wananiambia jibu lile lile, na kila mwaka mimi ndiye niliyewaandikia jibu. Mtu anaweza kujiuliza swali akajijibu, lakini je, anaweza kushangaa? Nataka kushangaa mara moja. Mama alipungukiwa. Hilo najua.

Alikuwa anakumbuka jambo lililothibitishwa. Miaka mitatu nyuma mama yake alifariki, na nguo ya sanda ilinunuliwa dhiraa kumi na tano, kama ilivyo desturi, zilizopimwa dukani kwa nakala ya Chuma. Mwoshaji alikuwa mama yake Bi Kazija, mwanamke aliyeosha maiti wa mji ule kwa miaka arobaini. Alivitandaza vipande, akavifunga, akafika miguuni, na nguo ikaisha. Hakushangaa. Alichukua upande wake wa khanga akaongezea, kwa haraka ya mtu aliyefanya hivyo mara mia. "Siku hizi nguo hazifiki," alimwambia mtoto wa marehemu. "Sijui wafu wamekuwa warefu." Lugome alisimama pale mlangoni, mikono nyuma, na ndani ya ile mikono kulikuwa na dhiraa moja na robo iliyokosekana. 

Saa nne kasoro dakika kumi alitoka ofisini.

Ukutani kando ya korido zilitundikwa picha za mawaziri waliotangulia, mikono sita, kila mmoja ndani ya fremu yake kutoka kiwiko hadi ncha. Hakukuwa na sura hata moja. Chini ya fremu ya saba, ambayo ilikuwa yake, palikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwenye koti jipya la kijivu, vidole vyake vimenyooka juu ya magoti. Lugome alilitambua koti kwanza: alilivaa yeye siku ya kuapishwa, miaka kumi na tisa nyuma. Mazungumzo yaliyofuata hayana shahidi wa pili. Yanawekwa hapa kwa sababu Lugome mwenyewe aliyasimulia kwa Bi Kazija dakika tatu baadaye, na yeye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unasubiri kuapishwa?"

"Saa nne. Wamenileta mapema." Yule kijana alitabasamu. "Eti nisikunje, nisinyanyue, nisitetemeke. Nimeulaza mezani nyumbani usiku kucha. Mke wangu ananicheka."

"Kiti cha Mkuu wa nchi kimewekwa wapi?"

"Wamesema ubavuni, kama kawaida."

"Jua linaingia dirisha la mashariki. Litampiga machoni. Watakihamishia mwisho wa meza."

"Mwisho upi?"

"Ule unaoelekea vidole vyako."

Mtu yule aliviangalia vidole vyake. Alikuwa amelelewa vizuri, na ilionekana. Katika nchi ile mtoto hufundishwa kabla hajajua kutembea sawasawa kwamba mkubwa hanyooshewi kidole. Ukimwonyesha njia unafumba ngumi na kutumia kidevu.

"Sasa itakuwaje?" aliuliza. "Nimnyooshee Mkuu vidole vinne, mbele ya watu?"

"Utavikunja kidogo."

"Kidogo tu. Hakuna atakayeona."

"Karani ataona," alisema Lugome. "Lakini ni siku yake ya kwanza kazini. Ataandika anachokiona."

Alitaka kumwambia zaidi, na alikuwa na la kumwambia. Lakini aligundua kwamba kila neno analotaka kulisema lilikuwa adabu nyingine, na adabu ndiyo iliyokuwa imefanya kazi yote. Akampa mkono. Yule wa kwenye benchi aliupokea kwa mikono miwili, akashangaa kidogo, kama mtu aliyeshika kitu kilichofungwa.

Bi Kazija alimkuta mbele ya benchi tupu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Niliona," alisema. "Siku ile. Nilikuwa karani, chaki mkononi, nikaona vidole vimepinda, nikasema moyoni, mtu mzima huyu, waziri, mimi nani nimwambie nyoosha? Nikachora."

"Uliandika ulichokiona."

"Ndugu Mheshimiwa, na mama yangu alikuwa anarudi nyumbani kila siku anasema wafu wamerefuka. Mimi nakaa kimya, nakula wali wangu." Akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa. "Twende. Maji yatapoa."

Ukumbi ulikuwa na mabenchi ishirini na sita, kila benchi watu kumi na wawili, na wengine walisimama. Kwenye meza ya mvule kilikuwa kimelazwa Chuma, na pembeni beseni la shaba lenye maji ya moto, kwa sababu desturi ilitaka Mkono uoshwe kabla ya kupimwa. Jua liliingia dirisha la mashariki. Kiti cha Kamanda kilikuwa kimewekwa ubavuni. Pazi alikaa, akakinga macho, akavumilia kidogo, kisha akasimama na kukibeba mwenyewe hadi mwisho wa meza. Kwa muda wa mpigo mmoja wa kamba ya bendera, Lugome aliona aliyeketi ni Mkuu wa zamani. Halafu akawa Pazi tena, na tepu yake shingoni.

Saa nne na dakika tisa Waziri alinawa. Saa nne na dakika kumi aliulaza mkono, kiwiko kikigusa kizuizi cha shaba, na akaviagiza vidole vyake vinyooke.

Havikunyooka.

Aliviagiza tena. Aliviangalia kwa makini, na ni kweli kwamba hata wakati ule alichokihisi kwanza ni udadisi. Miaka kumi na tisa alikuwa amevikunja kwa siku moja kila mwaka, na siku zilizobaki amefanya mazoezi, chini ya meza za mikutano, ndani ya mifuko, usingizini, ili asije akakosea. Vilikuwa vimejifunza. Ncha ya kidole cha kati ilikomea kwenye mwisho wa Chuma, bila kuzidi, bila kupungua hata unene wa karatasi. Kwa mara ya kwanza alikuwa haigizi. Mkono ulikuwa dhiraa.

Pazi aliona. Mabega yake yalishuka, kama ya fundi aliyekata kitambaa cha mwisho akakuta kimetosha.

"Soma, mama," alisema.

Bi Kazija aliinama juu ya meza. Alikaa ameinama kwa muda ambao watu wa benchi la kwanza wanaukadiria kuwa mrefu.

"Ndugu Mheshimiwa," alisema kwa sauti ya chini, "hii ni sawa?"

"Kwa Chuma ni sawa," Lugome alijibu. Sauti yake ilifika hadi benchi la nyuma, ingawa hakuipaza. "Kwa mkono, sijui. Urudishe kwenye maji."

"Mzee Lugome," Pazi alisema.

Bi Kazija aliushika mkono akautumbukiza kwenye beseni. Alikuwa amemsaidia mama yake tangu akiwa msichana, na alijua jinsi ya kuvirudisha vidole vya mtu aliyekufa amekunja ngumi: maji ya moto, kusugua kutoka kiganja kwenda nje, subira, kisha kubonyeza kwa uzito wa mwili na si kwa nguvu za mkono. Hakuwahi kumfanyia aliye hai.

"Wale hawasemi kitu," alimwambia. "Wewe utaumia."

"Endelea."

"Mama," Pazi alisema, amesimama sasa, "wasomee sawa tuondoke hapa. Kuna kaya elfu arobaini zinasubiri."

"Nasoma ninachokiona, Kamanda. Bado sijaona."

Aliuinua mkono, akaulaza mezani, kiwiko kwenye shaba, akaweka kiganja chake juu ya vidole vinne na kuegemea. Sauti iliyotoka ilisikika hadi benchi la tano. Wanaikumbuka kama kijiti kikavu, na mmoja anasisitiza vilikuwa vijiti viwili. Uso wa Waziri ulibadilika rangi. Hakulia. Vidole vililala bapa juu ya mvule, vimenyooka, vikielekea moja kwa moja kifuani kwa mtu aliyesimama mwisho wa meza.

"Samahani, Kamanda," alisema Lugome. "Nakunyooshea vidole."

Saa nne na dakika kumi na saba, Bi Kazija alichukua chaki na kuchora mstari mbele ya ncha ya kidole cha kati, vidole viwili kupita mwisho wa Chuma.